Ufukwe Usiwe wa Wenye Kiingilio Peke Yao

Kila Juni na Julai, baridi inapobana Johannesburg, familia nyingi hufunga safari ya kilomita zipatazo 570 kuteremka hadi Durban. Huko kipupwe ni cha upole, na Bahari ya Hindi, ikipashwa na mkondo wa joto wa Agulhas, bado yaogeleka. Siku mbili tatu zatosha: asubuhi ufukweni, alasiri katika Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1849, kongwe kuliko zote zilizosalia barani Afrika. Kukanyaga mchanga ni bure. Kuingia bustanini ni bure.

Neno hilo, bure, lina historia chungu. Sheria ya mwaka 1953 iliwaruhusu watawala wa Afrika Kusini kutenga maeneo ya umma kwa rangi ya ngozi, na ikatamka waziwazi kwamba si lazima huduma za makundi hayo zilingane. Ufukwe mzuri ulipewa Weupe. Mabango yalisimikwa mchangani kuwafukuza wengine. Watu waliyapinga kwa miili yao, wakaingia majini walikokatazwa. Mwaka 1990 sheria hiyo ilifutwa. Kwa hiyo mtoto wa Umlazi anayejenga nyumba ya mchanga leo anafaidi tunda la mapambano.

Sisi wa Dar es Salaam hatukuhitaji mabango ya rangi ili tufike kulekule. Tunatumia ukuta, lango na bei ya soda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Yeyote atembeaye pwani kuelekea kaskazini mwa jiji na ajihesabie mwenyewe kuta zilizofika majini. Mkoa huu ulikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya mwaka 2022. Wangapi kati yao wanaweza kulipia kivuli cha mwamvuli? Nayo Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 ili kujaribia mazao ya biashara, imemegwa mwaka hadi mwaka hata wapita njia wengi hawajui kwamba ipo.

Wapo watakaonijibu kwamba mwekezaji huleta ajira na kodi, na kwamba cha bure huchakaa. Hoja ya kwanza ni nusu ya kweli: hoteli inaweza kuajiri na kulipa kodi huku ikiwa imejengwa nyuma ya mita 60, na njia ya umma ikipita ubavuni mwake. Hoja ya pili nina heshima nayo. Baada ya mafuriko ya Aprili 2022, majitaka yalichafua bahari ya Durban na baadhi ya fukwe zikafungwa. Lakini dawa ya uchafu ni kukarabati mabomba. Bure haina maana ya kutokuwa na gharama. Maana yake ni kwamba gharama tumeibeba pamoja, kwa kodi zetu, ili asiwepo wa kuzuiwa langoni.

Katika bustani ile ya Durban umesimama mmea wa jamii ya sikadi uitwao Encephalartos woodii. Uligunduliwa mwaka 1895 katika msitu wa oNgoye. Ni dume, na jike lake halijapatikana hadi leo. Iliyopo yote duniani ni machipukizi ya mmoja yule. Ufukwe uliouzwa una hali hiyohiyo: hauoti mwingine. Darasa hujengwa upya, barabara huchongwa upya, lakini pwani tuliyopewa ni moja.

Mfanyakazi anayehesabiwa saa zake za kazi ana haki ya kuhesabiwa pia mahali pa kupumzikia. Basi mtumishi wa umma unayepitisha ramani, kabla hujagonga muhuri, uliza njia ya wananchi kwenda baharini imechorwa wapi. Mwanafunzi wa mipango miji, ipime pwani yetu kwa futikamba na uandike ulichokiona. Nanyi wanaharakati, anzeni na mita 60 hizo, kwa kuwa sheria tunayo tayari. Kilichopungua ni wa kuidai.