Fumbo la Herufi Tano na Mbinu ya Kisayansi

Latafutwa neno la Kiingereza lenye herufi tano. Nne za mwisho zimekwisha kujulikana, nazo ni I, G, H na T. Ya kwanza imefichwa. Mbele ya fumbo kama hilo mwanafunzi wa sekondari aghalabu hufanya moja kati ya mambo mawili: ama hukisia neno moja baada ya jingine mpaka abahatishe, ama hutafuta orodha ya maneno yote yanayofaa. Siku hizi orodha hiyo hutolewa na kompyuta au simu kufumba na kufumbua. Njia zote mbili huweza kumfikisha kwenye jibu, lakini hakuna hata moja inayomfundisha namna ya kuuliza.

Mafumbo ya herufi si mambo mageni. Tarehe 21 Desemba 1913 gazeti la New York World la Marekani lilichapisha fumbo la maneno yanayokatana katika miraba, lililotungwa na Arthur Wynne. Mwaka 2021 Josh Wardle aliwatolea watu mchezo uitwao Wordle, ambamo mchezaji hupewa nafasi 6 za kulitambua neno la herufi 5. Kila anapotaja neno, huambiwa ni herufi zipi zimo na zimekaa mahali pake, zipi zimo lakini mahali pengine, na zipi hazimo kabisa.

Walimu wengi huyahesabu mafumbo haya kuwa burudani, au pengine kipimo cha wingi wa msamiati. Fikira hiyo ina upungufu. Fumbo la herufi ni zoezi la mbinu ya kisayansi, nalo lastahili nafasi katika kipindi cha hisabati na cha fizikia kama lilivyo nayo katika kipindi cha lugha.

Hesabu yenyewe ni ushahidi. Alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26. Kwa hiyo mipangilio ya herufi tano ni 26 × 26 × 26 × 26 × 26, yaani 11,881,376. Lakini orodha ya maneno yaliyokubaliwa katika Wordle hapo mwanzo ilikuwa na maneno yapatayo 13,000 tu. Maana yake ni kwamba katika kila mipangilio 900 hivi, ni mmoja tu uliokuwa neno. Lugha, basi, haitupi herufi ovyo. Ina kanuni zake. Q hufuatwa na U karibu kila mara, na E huonekana mara nyingi kuliko herufi nyingine yoyote. Mwaka 1948 mwanahisabati Claude Shannon alieleza kwamba kanuni hizo zina uhusiano na kuwapo kwa mafumbo ya miraba. Kama kila mpangilio wa herufi ungekuwa neno, herufi moja isingetoa dokezo lolote juu ya jirani yake.

Sasa na lirejewe fumbo la mwanzo. Maneno ya kawaida yanayofaa ni manane: EIGHT, FIGHT, LIGHT, MIGHT, NIGHT, RIGHT, SIGHT na TIGHT. Anayeyataja moja moja huenda akafika la nane ndipo apate, hali nafasi ni sita tu. Lakini yuko anayetaja neno FILMS. Wenzake watamcheka, kwa kuwa neno hilo haliwezi kamwe kuwa jibu. Hata hivyo limebeba F, L, M na S, herufi za kwanza za maneno manne kati ya manane. Ikiwa mojawapo imo, fumbo limefumbuliwa. Ikiwa hakuna, yamebaki manne: EIGHT, NIGHT, RIGHT na TIGHT. Hapo atataja TREND. Ikionekana E, jibu ni EIGHT. Ikionekana N, ni NIGHT. Ikionekana R, ni RIGHT. Na T ikiwa mahali pake pa kwanza, ni TIGHT. Kwa vyovyote vile, neno la tatu ni jibu.

Swali lililoonekana kuwa la kupoteza nafasi ndilo lililookoa kazi. Hivyo ndivyo afanyavyo fundi hodari wa redio: hapimi kila kipande kuanzia cha kwanza, bali hupima katikati ya njia ya umeme, akajua ubovu uko nusu ipi. Jaribio zuri la kisayansi haliwi zuri kwa kumpa mtafiti jibu analolitamani, bali kwa kuyagawa mashaka yake, lijibiwe ndiyo au hapana.

Wapo watakaosema kwamba mchezo huu huwapendelea watoto waliokizoea Kiingereza nyumbani. Hoja hiyo ina uzito, hasa nchini Tanzania, ambako wanafunzi wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha hukutana na sayansi kwa Kiingereza katika kidato cha kwanza. Lakini dawa yake ni rahisi: mwalimu ayaandike maneno yote manane ubaoni, waziwazi. Hapo mwenye msamiati mwingi hana cha kumzidi mwenzake, na kinachoshindaniwa ni ubora wa swali. Kwa hiyo orodha yenyewe si adui. Kosa ni kuifanya mwisho wa kazi, ilhali ni mwanzo wake.

Zoezi hilo lafaa lifanywe kwa Kiswahili pia. Wanafunzi wahesabu herufi katika ukurasa mmoja wa gazeti la kila lugha. Watagundua kwamba A ndiyo inayotangulia katika Kiswahili, na kwamba maneno karibu yote huishia kwa irabu. Basi herufi ya mwisho hutafutwa kati ya tano, wala si kati ya ishirini na zaidi. Kanuni waliyoigundua wenyewe hawataisahau upesi.

Zoezi hili halihitaji maabara wala mashine. Chaki na ubao vyatosha. Linalohitajika ni mwalimu aliye tayari kumpa alama mwanafunzi aliyetaja FILMS, na kumwuliza aliyebahatisha LIGHT mara ya kwanza: angefanya nini kama bahati isingemjia?