UCHAMBUZI: Insha ya kujieleza isiwe kikwazo kwa mwana wa maskini

KILA matokeo ya Mtihani wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, mjadala nchini huwa mmoja tu: alama. Anayepata gredi ya C+ au zaidi hustahiki kujiunga na chuo kikuu, na kozi yake huamuliwa na alama za masomo husika. Katika matokeo ya 2024, watahiniwa 246,391 walifikia kiwango hicho. KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi hizo, haikumtaka hata mmoja wao aandike yeye ni nani, wala kwa nini aliteua udaktari badala ya ualimu.

Utaratibu huu una wema wake, kwani alama haziulizi jina la baba. Hata hivyo, unamwacha mikono mitupu mwanafunzi anayetaka kusomea ng'ambo, ambako aghalabu mwombaji hutakiwa kujieleza kwa maandishi.

Nchini Marekani, vyuo vingi vinavyopokea maombi kupitia mfumo wa Common App huitisha insha isiyozidi maneno 650. Nchini Uingereza, shirika la UCAS lilibadilisha utaratibu wake kwa wanaojiunga na vyuo kuanzia 2026. Badala ya insha moja ndefu, mwombaji hujibu maswali matatu: Kwa nini anaitaka kozi hiyo? Masomo yake yamemwandaa vipi? Na nje ya darasa, amefanya nini kujitayarisha? Majibu yote kwa jumla hayafai kuzidi herufi 4,000, nafasi baina ya maneno zikihesabiwa.

Maswali hayo ni mepesi kuyasoma lakini magumu kuyajibu. Kwanza, malezi yetu hayamruhusu kijana kujipigia debe. Tumelelewa kuamini kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msomaji wa maombi aliye maelfu ya kilomita hawezi kukiona kizuri kilichonyamaza.

Pili, shule zetu zimewazoesha wanafunzi insha za kukariri. Wengi huingia katika chumba cha mtihani wakiwa na utangulizi waliouhifadhi, methali tano na msamiati mzito, kisha huvipachika popote. Mazoea hayo yakihamishiwa kwenye maombi ya chuo, mwandishi hutoweka, yakabaki mapambo.

Wala si sisi pekee tulio na tatizo hili. Mnamo 2007, uchunguzi wa UCAS kuhusu insha 50,000 ulibaini kwamba waombaji 234 walisimulia jinsi walivyounguza nguo zao za kulalia kwa kemikali wakiwa na umri wa miaka minane. Kisa kilikuwa kile kile, kilichonakiliwa. Tangu wakati huo, kunakili kumekuwa hatari zaidi, kwa kuwa maandishi hulinganishwa kwa kompyuta. Aidha, UCAS imeonya kuwa kuiachia programu ya akili unde iandike sehemu kubwa ya maelezo hayo kwaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito, kuna suala la usawa. Mwanafunzi wa shule ya kifahari jijini Nairobi ana mshauri wa kumsomea rasimu yake mara tano. Mwenzake wa shule ya kutwa mashambani hana hata wa kumweleza kwamba insha hiyo inahitajika. Ni kinaya, ikizingatiwa kuwa baadhi ya vijana wetu waliohitimu na kukosa ajira wamejikimu kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, biashara ambayo Uingereza iliiharamisha kwa sheria ya 2022. Kalamu tunazo, kinachokosekana ni mwongozo kwa watoto wetu wenyewe.

Suluhisho halihitaji mamilioni. Walimu wa lugha na wa ushauri nasaha wanaweza kutenga vipindi vichache kumfunza mwanafunzi kueleza jambo moja alilolitenda, alichojifunza na linavyohusiana na kozi anayoitaka. Anayetamani uhandisi wa maji asiseme tu kwamba anapenda sayansi. Aeleze jinsi alivyochunguza kwa nini kisima cha kijiji hukauka kila Februari, alimwuliza nani na alishindwa wapi. Hayo hayauzwi dukani, na mtoto wa maskini anayo kwa wingi.

Mtaala wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, unasisitiza miradi na vipaji. Ikiwa tuna nia ya dhati, basi wanafunzi hao wafundishwe pia kuyaeleza waliyoyatenda kwa maneno yao wenyewe. Wahenga walinena kwamba aisifuye mvua imemnyea. Watoto wetu wengi imewanyea. Wapewe tu nafasi ya kuisimulia.