UCHAMBUZI: Kukodi lenzi ni busara, hatari imo katika dhamana

WAHENGA walionya kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lau wangaliishi hadi enzi hizi na kushuhudia pilkapilka za wapigapicha wa harusi jijini Nairobi kila Ijumaa jioni, pengine wangaliupunguzia makali usemi huo.

Ijumaa ndiyo siku ambayo vijana hupanda ngazi za majengo ya katikati ya jiji kwenda katika vijiduka vya vifaa vya picha. Hawaendi kununua. Wanaenda kukodi lenzi za kamera watakazozitumia kesho yake kanisani na katika bustani za Karen na Limuru, kisha wazirejeshe Jumatatu asubuhi. Wapo wanaowacheka kwa kufanya kazi na vifaa visivyo vyao. Hesabu zenyewe, hata hivyo, ziko upande wa vijana hao.

Lenzi ya milimita 70 hadi 200 inayopitisha mwanga mwingi ndiyo roho ya kazi ya harusi. Humwezesha mpigapicha kusimama nyuma ya waumini na kunasa chozi la mamake bibi harusi bila kumsogelea padri madhabahuni. Kampuni ya Canon ilipozindua toleo jipya la lenzi ya aina hiyo mnamo 2019, iliuzwa kwa dola 2,699 nchini Marekani. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hizo ni takriban Sh348,000 kabla ya gharama ya kuisafirisha, ushuru wa VAT wa asilimia 16 na ada nyinginezo za forodha.

Isitoshe, bei hiyo huyumba pamoja na shilingi. Mnamo Januari 2024, dola moja ilipokuwa ikibadilishwa kwa karibu Sh160, lenzi iyo hiyo ingalimgharimu Mkenya zaidi ya Sh80,000 juu ya kiasi hicho.

Tuchukulie kuwa duka linatoza Sh3,000 kwa siku. Mpigapicha atalazimika kuikodi kwa siku 116 ndipo fedha alizotoa zilingane na bei ya kununua. Ikiwa hupata harusi mbili kwa mwezi, hiyo ni karibu miaka mitano. Kwa kijana anayeanza kazi, miaka mitano ni mingi mno. Huenda kufikia wakati huo ameiacha kamera na kuingilia ukulima wa parachichi.

Ni kweli kuwa hesabu hii inampendelea anayekodi. Aliyenunua hubaki na mali anayoweza kuiuza, ilhali aliyekodi hubaki na risiti. Ikiwa lenzi itauzwa kwa nusu ya bei yake, basi siku zenyewe hupungua hadi 58. Anayepata kazi kila wiki atazimaliza kwa muda wa mwaka mmoja na ushei, na huyo, kwa maoni yangu, hana sababu ya kuendelea kukodi. Ananuna bure kila Ijumaa kwenye foleni, na msimu wa Disemba unapowadia hukuta lenzi zote zimekwisha kuchukuliwa.

Tatizo ni kuwa wengi hawapati kazi kila wiki, wala hawana mahali pa kukopa. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa mnamo Novemba 2022, iliwekewa kiwango cha juu cha Sh50,000 kwa mkopo wa mtu binafsi. Kiasi hicho hakitoshi hata robo ya bei ya lenzi tuliyoitaja. Benki nazo hutaka dhamana. Sheria iliyopitishwa mnamo 2017 kuhusu mali inayohamishika iliruhusu vitu kama mitambo, mifugo na bidhaa kuwekwa rehani, lakini haimsaidii asiyekuwa na chochote cha kuweka. Hilo ndilo lalama kuu dhidi ya kukodi: mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi na asiwe na chombo hata kimoja cha kumwonyesha meneja wa benki.

Hata hivyo, kumiliki lenzi nako kuna maudhi yake. Mkazi wa Mombasa ama Lamu anafahamu jinsi unyevunyevu unavyozaa kuvu ndani ya vioo. Lenzi ikifungiwa kabatini bila kutumiwa huota utando mweupe ambao fundi hauondoi kwa urahisi. Kisha kuna mabadiliko ya teknolojia. Mnamo 2018, Canon na Nikon zilianzisha kamera zenye muundo mpya wa mahali pa kufungia lenzi. Waliokuwa wamejilimbikizia lenzi za mtindo wa zamani wakalazimika kutafuta vifaa vya kuziunganishia, huku bei ya lenzi hizo sokoni ikiteremka. Aliyekuwa akikodi aliulizia tu lenzi inayoingia katika kamera mpya.

Wala kukodi si ishara ya umaskini. Katika utengenezaji wa filamu, Panavision ya California kwa miongo mingi imekuwa ikikodisha kamera na lenzi zake badala ya kuwauzia watengenezaji filamu, na watayarishaji wenye mamilioni ya dola husubiri zamu. Huko Memphis, jimbo la Tennessee, daktari kwa jina Roger Cicala alianzisha Lensrentals mnamo 2006 na kuifanya biashara ya kutuma lenzi kwa posta kote Marekani. Kampuni hiyo ilipata funzo lake mnamo Agosti 2017 jua lilipopatwa. Wateja walielekeza lenzi angani bila vichujio, na baadhi ya vifaa vikarudi vikiwa vimeungua kwa ndani.

Hapa nchini, hata mtalii tajiri hukodi. Lenzi ya milimita 600 ya kumpigia chui aliye mbali katika Maasai Mara huwa na uzani wa kilo tatu hivi, na toleo la Sony la 2019 lilianza kuuzwa kwa dola 12,999, sawa na zaidi ya Sh1.6 milioni kwa kiwango hicho cha Sh129. Ndege ndogo zinazoondoka uwanja wa Wilson aghalabu humruhusu abiria kilo 15 tu za mizigo. Mgeni anayekuja kutazama nyumbu wakivuka mto huona afadhali aichukue Nairobi na kuirejesha anapoondoka.

Lakini mtalii ana kadi ya benki inayoweza kuzuiliwa fedha hadi lenzi irudi. Kijana wetu ana kitambulisho. Hicho ndicho anachokiacha dukani, pamoja na nambari ya simu ya mdhamini. Kwa siku tatu hizo hawezi kutoa fedha kwa wakala akidaiwa kitambulisho, wala kupita lango la afisi nyingi za jiji.

Wenye maduka wana sababu za kutaka dhamana. Lenzi ni ndogo, huingia mkobani, na mtu akiwa na nia mbaya anaweza kuiuza kabla ya jua kutua. Ndiposa wengi wao huwakodishia wanaowajua tu. Anayetoka Kitale ama Busia kwa mara ya kwanza, bila mdhamini wa mjini, hurudi mikono mitupu hata akiwa na fedha taslimu.

Balaa huanza lenzi inapoanguka. Mapatano mengi hufanywa kwa mdomo, ama kwa fomu ya ukurasa mmoja inayosema mteja atagharimia hasara yoyote. Fomu hiyo haisemi lenzi ilikuwa na hali gani ilipotoka, wala thamani yake siku hiyo ilikuwa ngapi. Kwa hivyo, mwenye duka anaweza kudai bei ya lenzi mpya kwa chombo kilichotumika miaka sita, na mteja naye anaweza kuapa kwamba mkwaruzo ulikuwapo tangu awali. Hakuna wa kuamua. Kijana aliyelipwa Sh15,000 kwa harusi moja anajikuta akidaiwa Sh350,000.

Bima haimwokoi. Mwenye duka akichukua bima, humlinda yeye mwenyewe. Kampuni ikishamlipa ina haki ya kumgeukia aliyesababisha hasara na kudai fedha hizo.

Njia ya kupunguza zahama hizi haihitaji sheria mpya. Mapatano yaandikwe nambari iliyochongwa kwenye lenzi, thamani yake ya siku hiyo kama kitu kilichotumika, na kiwango cha juu ambacho mteja atatozwa. Pande zote mbili zipige picha za kioo cha mbele na cha nyuma kabla ya lenzi kutoka dukani. Ni ajabu kuwa watu wanaoishi kwa kupiga picha hulisahau jambo hili. Ada ndogo ya ziada inaweza kutengwa kwa ajili ya ukarabati, kama wanavyofanya wakodishaji wa ng'ambo. Nakala ya kitambulisho itoshe, na duka likumbuke kuwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalibana kuhusu namna ya kuihifadhi na kuitumia.

Mzozo ukizuka, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mnamo Aprili 2021, inaweza kuusikiliza. Inashughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya uharibifu wa mali inayohamishika, na kisheria inapaswa kuamua kesi ndani ya siku 60. Lenzi ya harusi inatosha humo. Ile ya chui wa Mara imepita kiwango na itaelekea mahakama nyingine.

Siku 60 ni chache zikilinganishwa na miaka ambayo kesi nyingi huchukua. Ila ni wikendi nane za harusi, na kwa mtindo wa sasa, kijana atazikaa zote akiwa hana duka la kumwamini, huku kitambulisho chake kikiwa kingali katika droo ya mwenye lenzi.