Wanaelea kwa sababu wanaanguka
Muulize mwanafunzi wa Bariadi kwa nini wanaanga huelea, atakujibu kule juu hakuna mvutano. Umo tele. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko juu kama kilomita 400, karibu sawa na mstari ulionyooka kutoka Bariadi hadi Dodoma. Tungekuwa na mnara wa kimo hicho, mzigo wa pamba wa kilo 100 ungesoma karibu 89 kwenye mizani ya springi, na safari hii hakuna aliyeichezea mizani! Wanaanga huelea kwa sababu wanaanguka pamoja na kituo chao. Mbona basi hawaifikii ardhi? Mtoto mwenye kombeo anajua: jiwe lililorushwa kwa nguvu zaidi huangukia mbali zaidi. Lirushe kule juu kwa kilomita 28,000 kwa saa, litaanguka bila kuikuta ardhi, maana dunia nayo inapinda chini yake.