Je, Msimamizi wa Seva Ahitaji Kufundishwa?

Wako wenzetu wasemao ya kuwa kulipa karo ili kujifunza usimamizi wa seva za programu ni kutupa fedha. Tomcat, wasema, hupatikana bure, na maelezo yake yote yamo katika intaneti. Hayo ni kweli, wala sibishi.

Lakini kuwasha seva si kuitunza. Desemba 2021, ilipofichuliwa kasoro ya Log4j, swali halikuwa, “Seva yawaka?” bali, “Ndani yake mna nini?” Aliyezoea kuandika kila alichokiweka alijibu upesi, asiyezoea ilimbidi kupekua faili moja moja.

Desturi hiyo haipatikani kwa kubahatisha. Mwalimu mwema humpa mwanafunzi seva iliyoishiwa kumbukumbu hata ikazimika, akamwamuru asome daftari la matukio kabla ya kuiwasha tena. Akikosea darasani, hakuna aumiaye. Akikosea kazini, watu hukosa mishahara yao.

Basi ndugu zangu, anzeni wenyewe kwa Tomcat ya bure. Kisha lipeni karo pale tu mtakapopewa seva mbovu mzitengeneze. Nanyi wakubwa wetu mnaoajiri, msitazame cheti peke yake: mpeni kijana seva iliyozimika, mwone aanzia wapi.