Kung'oa Si Mwisho wa Tiba

Mwananchi akienda hospitali na jino linalomuuma, aghalabu hurudi nyumbani bila jino na bila maumivu. Daftari la zahanati huandika kwamba ametibiwa. Sisi tunasema ametibiwa nusu. Maumivu yameondoka, lakini pengo limebaki, na pengo hilo lina historia yake ndefu ambayo daftari halina nafasi ya kuiandika.

Jino likitoka, yale yaliyobaki hayakai kimya. Jino la jirani huanza kuinamia upande ulio wazi. Lile linaloelekeana na pengo, kwa kukosa wa kupambana naye, huteremka au hupanda polepole kutoka mahali pake. Mfupa wa taya uliokuwa ukilishika jino hupungua. Chakula hujikusanya katika nafasi mpya na uozo hupata makao. Mtu aliyepoteza magego mengi huacha vyakula vigumu, akabaki na uji, ugali na chai. Aliyepoteza meno ya mbele hujifunza kucheka mdomo ukiwa umefungwa. Haya si mambo ya urembo kama wanavyodhani baadhi ya wakubwa wetu. Ni lishe, ni usemi, na ni heshima ya mtu mbele ya wenzake.

Tuchukue mfano wa Katumba, katika Mkoa wa Katavi. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya 1972, wakati eneo lile lilipokuwa bado halijatengwa kuwa mkoa wake wenyewe. Wakimbizi wale walifyeka pori, wakalima mahindi, muhogo, maharage na tumbaku, wakailisha nchi iliyowapokea. Kwa uamuzi ambao haukuwa na mfano mkubwa duniani, Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vyao vikagawiwa mwaka 2014. Mkoa wa Katavi nao ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Hivyo mwananchi wa Katumba leo ana uraia, ana mkoa, na ana haki sawa na mkazi wa Ilala au Mjini Magharibi. Lakini uraia si cheti peke yake. Uraia hupimwa pia kwa urefu wa njia ambayo mtu hulazimika kuifuata ili apate huduma.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kituo cha afya cha kijijini, kikiwa na tabibu wa meno na vifaa vichache, kinaweza kung'oa jino kwa dakika chache. Kurudisha jino ni kazi nyingine kabisa. Kwanza fizi zipone, jambo linalochukua majuma kadhaa. Kisha daktari achukue chapa ya kinywa, chapa imiminiwe plasta ili ipatikane sanamu ya taya. Mgonjwa arudi ili ulinganifu wa taya mbili upimwe kwa nta. Arudi tena kuyajaribu meno yakiwa bado katika nta. Fundi sanifu ayatengeneze kwa akriliki, au kwa fremu ya madini ya kobalti na kromi, yenye vibanio vya kushika meno yaliyosalia. Mgonjwa arudi kuyavaa, na baada ya siku chache arudi yapunguzwe pale yanapochubua fizi. Hizo ni safari nne au tano. Kwa mkazi wa mjini ni nauli ya daladala. Kwa mkulima wa Katumba, iwapo maabara iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake, ni mavuno ya msimu mzima. Bei ya meno ya bandia, basi, haiko katika risiti ya hospitali peke yake. Iko pia katika tiketi ya basi na treni, na katika siku za kazi zilizopotea.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hili. Mkazi wa Kojani, wa Tumbatu au wa Kisiwa Panza hupanda chombo kabla ya kuiona barabara, na hungoja upepo na maji kabla ya kuonana na daktari. Katumba haina bahari, lakini umbali wake ni bahari ya nchi kavu. Tunaandika juu ya Katumba kwa wasomaji wa Unguja na Pemba kwa sababu shida ya mtu aliye pembezoni ni moja, awe amezungukwa na maji au na miombo. Na kwa kuwa afya si jambo la Muungano, ziko wizara mbili zinazopaswa kuisoma hoja hii, kila moja kwa upande wake.

Tunajua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa fedha ni chache na wapo watoto wanaokufa kwa malaria. Hoja hiyo ina uzito, wala hatutaki kuidharau. Lakini hatuombi kila pengo lizibwe. Utafiti uliofanywa hapa hapa Tanzania na Paulo Sarita na wenzake, ukachapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba watu wengi waliopoteza baadhi ya magego ya nyuma huendelea kutafuna vizuri, mradi magego madogo yawe mazima na wabakiwe na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana. Maana yake ni kwamba mahitaji ya kweli ni madogo kuliko yanavyoogopwa. Watangulizwe waliokosa meno ya mbele, na wale ambao meno yao yaliyosalia hayatoshi kutafuna. Huo ni mpango, si ndoto. Akriliki yenyewe si mali ya anasa. Kinachoadimika ni fundi na maabara.

Penye uhaba wa fundi hazikosi mikono ya vichochoroni. Jino la akriliki linalogandishwa moja kwa moja juu ya meno ya jirani, lisiloweza kuvuliwa wala kusafishwa, huonekana zuri siku ya kwanza. Baadaye chakula huoza chini yake, na mtu aliyekwenda kuziba pengo moja hurudi na mapengo matatu. Meno ya bandia yaliyo salama huvuliwa, husafishwa kila siku, na hulazwa katika maji usiku ili fizi zipumzike. Wananchi waambiwe hivyo wazi.

Wala tusisahau kwamba jino la bandia, hata likiwa bora, ni la pili kwa jino la kuzaliwa. Ipo mila mbaya ya kuwang'oa watoto wachanga vichwa vya chonge kwa madai ya «meno ya nailoni», eti ndiyo yanayoleta kuhara na homa. Mtoto huumizwa, huambukizwa, na wengine hukua na mapengo ya kudumu, ilhali ugonjwa wenyewe ulitaka maji ya chumvi na sukari na tiba ya kituoni. Kwa upande mwingine, ni katika nchi hii, katikati ya miaka ya 1980, ilipobuniwa njia ya kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu, pasipo mashine wala umeme, ambayo baadaye ilienea ulimwenguni. Ni aibu ufundi uliozaliwa kwetu usifike katika vijiji vyetu, na koleo likawa ndilo jibu la kila jino linalouma.

Kuna wanaosema jino la bandia ni kiburi cha wazee. Waliosoma vyuoni wanajua kuwa herufi za thei, dhali na fei hutamkwa kwa msaada wa meno ya mbele. Mwalimu wa Kurani aliyepoteza meno hayo hupoteza sehemu ya chombo chake cha kazi. Na mafakihi wa kale, wakitegemea ruhusa aliyopewa swahaba Arfaja kuweka pua ya dhahabu baada ya pua yake kukatwa vitani, waliruhusu meno kufungwa kwa dhahabu. Kurudisha kilichopotea mwilini hakukuwa kiburi kwao, na kusiwe kiburi kwetu.

Mwaka 2021 Mkutano wa Afya Duniani uliazimia kwamba afya ya kinywa iingizwe katika huduma ya afya kwa wote. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Azimio na sheria vimekutana. Kilichobaki ni utekelezaji. Tunawataka wahusika wafanye mambo matatu. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa, Bara na Visiwani, iwe na maabara ndogo ya meno na fundi sanifu wa kudumu, ili safari zile tano ziishie mkoani. Kitita cha bima kitaje kwa jina meno ya bandia ya sehemu, kwa kufuata utaratibu wa nani atangulie. Na ripoti za wilaya zisiishie kuhesabu meno yaliyong'olewa, bali zihesabu pia yaliyookolewa na yaliyorudishwa, maana kisichohesabiwa hakitengewi fungu.

Dola iliyompa mkulima wa Katumba cheti cha uraia imekwisha kukubali kwamba yeye ni mtu kamili wa nchi hii. Haifai imwachie kinywa nusu.