MWALIMU WA MAJIMAJI: MCHAGUA JEMBE SI MKULIMA



Kila mara mwalimu wa timu ya Majimaji anapoondoka, mji wetu hugeuka bunge. Sokoni, stendi, Bombambili, Lizaboni na Mfaranyaki, kila penye benchi na kikombe cha kahawa, watu huulizana neno moja tu: nani sasa? Jina hutajwa, jina hupingwa, sauti hupanda, na mwisho kila mtu huenda kulala na mwalimu wake kichwani. Hatusemi kwamba jambo hili ni baya. Wasiojali hawabishani. Lakini twaona ubishi huu una upungufu mmoja mkubwa, na leo twataka kuusema bila kuzungukazunguka.

Wabishi wamegawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza lasema aletwe mgeni kutoka ng'ambo, kwani mwenyeji amezoeleka na wachezaji hawamwogopi. Fungu la pili lasema aletwe mtu mwenye jina kutoka Dar es Salaam, aliyekwisha kukaa katika benchi la Simba au Yanga, ili wafadhili wavutwe na jina lake. Fungu la tatu lasema apewe kazi mtoto wa nyumbani, aliyevaa jezi ya Majimaji na ajuaye uchungu wa timu. Kila fungu lina hoja yake, na haki yataka tuzipime moja moja.

Tuanze na mgeni. Taifa Stars ilipokwenda Lagos mwaka 1980 kucheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, ilikuwa na mwalimu kutoka Poland, Slawomir Wolk, na pamoja naye Mtanzania Joel Bendera. Taifa lilingoja miaka 39 ndipo likarudi, mwaka 2019 kule Misri, chini ya Emmanuel Amunike wa Nigeria, mtu ambaye mwaka 1994 alikuwa Mchezaji Bora wa Afrika. Stars ilifungwa michezo yote mitatu, na Senegal, na Kenya, na Aljeria. Mwaka 2024 kule Kodivaa tulianza na mgeni mwingine, Adel Amrouche. Baada ya mchezo wa kwanza alifungiwa, na timu ikashikwa na Hemed Suleiman, ambaye wapenzi humwita Morocco, akisaidiwa na Juma Mgunda. Vijana wale wale wakatoka sare na Zambia, wakatoka sare na Kongo.

Basi yuko atakayesema: mwaona, mwenyeji ni bora! Hapana. Sare mbili hazikututoa katika kundi. Tunalolisema ni kwamba pasi ya kusafiria haifungi bao. Mgeni aweza kuja na elimu kubwa, nasi tumpokee kwa heshima, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hupona pale tu anapokaa karibu na mgeni na kujifunza, kama Bendera alivyokaa karibu na Wolk. Mgeni anayekuja peke yake na begi lake, akaondoka peke yake na begi lake, hatuachii kitu isipokuwa deni.

Twende kwa mwenye jina. Jambo hili sisi Wana Lizombe hatuna haja ya kulisoma katika magazeti, tumeliona kwa macho yetu. Majimaji iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, ilianza na mwalimu wa Kifini, Mika Lonnstrom, na kabla ya msimu kwisha timu ilikuwa katika mikono ya Kally Ongala, kijana aliyejulikana Yanga na Azam. Mgeni tulimpata na jina tulilipata. Msimu wa 2017/18 ulipokwisha, tulishuka daraja pamoja na jirani zetu Njombe Mji, na mpaka msimu wa 2025/26 jina la Majimaji halikuonekana tena katika Ligi Kuu. Hatuwalaumu walimu waliopita, kwani kila mmoja alifanya kazi kwa vifaa alivyovikuta. Tunauliza tu: ikiwa mwalimu hubadilika na timu yaendelea kushuka, je, ugonjwa uko kwa mwalimu?

Na mtoto wa nyumbani? Hapa moyo wetu waelekea, wala hatufichi. Tazameni Abdallah Kibadeni. Mwaka 1977 aliifunga Yanga mabao matatu katika ule mchezo wa sita bila, na mwaka 1993, akiwa mwalimu, aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella ya Abidjan. Mtoto wa nyumba aweza. Lakini sisi tuliopita katika chuo cha ualimu twajua jambo ambalo benchi la kahawa hulisahau: kujua hesabu ni kazi moja, na kumfanya mtoto wa mwisho darasani aijue hesabu ni kazi nyingine. Mchezaji hodari wa jana si mwalimu wa leo mpaka ajifunze ualimu. Ndiyo sababu CAF imeweka leseni kwa madaraja, D, C, B na A, mtu akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Anayetaka kumpa kazi ndugu yake kwa sababu tu alipiga mpira vizuri miaka ile hampendi ndugu huyo, bali anampeleka akaaibike mbele ya watu.

Sasa tumekwisha kuyapima mafungu matatu, na hakuna hata moja lililoshinda. Kwa nini? Kwa sababu swali lenyewe laanzia mwisho. Wazee walisema, mchagua jembe si mkulima. Twakaa barazani tukipima majembe, hili la Ulaya, hili la Dar es Salaam, hili la hapa, na shamba lenyewe halijafyekwa. Nani amepima shamba? Nani anajua mwalimu atalipwa kutoka mfuko gani mwezi wa nne, mwezi wa tano na mwezi wa sita? Nani anajua timu ya vijana inafanya mazoezi siku gani? Twawajua walimu wote wa timu za Uingereza, twajua hata mfumo wa kila mmoja. Lakini ukimwuliza mpenzi mmoja wa Majimaji jina la mtu anayewafundisha watoto wa miaka kumi na tano mtaani kwake, hukuna kichwa.

Tukumbuke jina tulilolibeba. Katika vita vya 1905 hadi 1907 wazee wetu walipewa maji, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Risasi hazikugeuka. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wetu walinyongwa hapa hapa Songea, na kila mwaka twawakumbuka. Lakini historia haiwakumbuki kwa ile dawa, yawakumbuka kwa umoja, kwani watu wa makabila mengi, waliokuwa mbalimbali, walisimama pamoja. Leo twatafuta dawa tena. Twataka mwalimu awe chupa ya maji ya kunyunyizia timu, ili mabao ya wenzetu yageuke maji. Ndugu zetu, hakuna mwalimu wa namna hiyo, wala Ulaya hayuko.

Jambo la pili ni saburi. Mkulima wa Ruvuma hupanda mahindi mvua za Novemba na Desemba, akapalilia, akatia mbolea, akavuna kiangazi. Hatujamwona mkulima aliyeng'oa mahindi yake Januari kwa sababu hayajazaa. Lakini katika mpira mkulima huyu huyu ataka mwalimu aliyeanza Agosti afukuzwe Oktoba. Wapenzi wa Manchester United, ambao mji huu umejaa, wanajua vema habari za Alex Ferguson. Aliingia Novemba 1986. Kombe lake la kwanza pale alilipata 1990, na ubingwa wa ligi mwaka 1993. Miaka zaidi ya sita! Alipoondoka mwaka 2013, klabu ile tajiri ikaanza kubadili walimu mmoja baada ya mwingine, na ubingwa wa ligi ukakaa mbali nayo kwa miaka mingi. Ikiwa fedha zote zile hazikuweza kununua saburi, sisi wenye mfuko mdogo tutaipata wapi kwa kufukuzana?

Basi, sisi twasema nini? Hatutaki kuwa miongoni mwa wanaokosoa wakanyamaza. Haya ndiyo tunayoyaona kuwa yafaa.

Kwanza, mwalimu awe mtu mwenye leseni, na mkataba wake uwe wa miaka mitatu. Tukipata Mtanzania, ni vema zaidi, kwani mshahara wake ni mwepesi na lugha yake ni ya wachezaji. Akipatikana mgeni anayekubali masharti hayo hayo, akaribishwe. Asiwe mtu wa kuja siku ya mchezo na kuondoka na basi la usiku. Aishi Songea, watoto wamjue.

Pili, wasaidizi wake wawili wawe wenyeji, na mkataba useme wazi kwamba kuwafundisha ni sehemu ya kazi yake. Akiondoka, elimu ibaki. Vijana wetu waliocheza wakastaafu wasomeshwe leseni hizo, mmoja baada ya mwingine, hata ifike siku tusiulize mtoto wa nyumbani yuko wapi.

Tatu, mwalimu apewe kazi ya kwenda Mbinga, Namtumbo, Tunduru na Nyasa, kuwatazama watoto wa UMITASHUMTA na UMISSETA. Majimaji iliyochukua ubingwa wa Muungano mwaka 1985, ikarudia 1986, na tena 1998, haikuwa timu ya majina ya kuazima. Mchezaji kama Madaraka Selemani nchi ilimjua akiwa na jezi ya Songea kabla Simba haijamvisha yake. Watoto wa namna hiyo bado wanazaliwa. Tofauti ni kwamba leo hutoka shuleni wakaenda moja kwa moja kwa watu wengine, nasi twabaki kuwashangilia katika redio.

Nne, na hili ndilo la msingi, wanachama walipe ada. Tusidanganyane. Anayemlipa mwalimu ndiye anayemchagua. Mfadhili mmoja akilipa peke yake, yeye atachagua, yeye atafukuza, na siku akichoka ataondoka na mipira yake. Hatumchukii mfadhili, twamshukuru. Lakini timu inayosimama juu ya mguu wa mtu mmoja huanguka mtu huyo anapokaa chini. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Wapenzi 1,000, kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, ni shilingi 2,000,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni 24,000,000. Fedha hizi hazitoshi kuendesha timu nzima, hilo twalijua. Lakini zatosha kumwambia mfadhili yeyote: karibu, tusaidiane, bali nyumba hii ina wenyewe.

Watu wengine watatuambia, ninyi mwaota, watu wa Songea ni maskini, bei ya mahindi ni hii mnayoijua. Twawajibu kwamba wapenzi hao hao hulipa kiingilio katika mabanda kutazama mpira wa Uingereza kila Jumamosi na Jumapili. Fedha ipo kidogo, lakini imekwenda kwa timu ambayo haitajua kamwe kama Songea iko duniani. Wengine watasema, tutatoaje ada wakati hatusomewi mapato na matumizi? Hao wana haki kabisa, nasi tuko pamoja nao. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama kila baada ya miezi mitatu, na yabandikwe ukutani pale Uwanja wa Majimaji, kila mtu asome. Kiongozi anayeogopa ukuta hafai kushika mfuko.

Kwa hiyo, ndugu zetu, safari hii mjadala ukianza tena barazani, na utaanza, tufanye jambo moja dogo. Mtu akisimama akataja jina la mwalimu anayemtaka, asikatazwe. Aulizwe tu maswali matatu: Je, umelipa ada ya mwezi huu? Je, mwalimu huyo umempa miaka mingapi? Je, akiondoka, atamwacha nani hapa Songea aliyemfundisha kazi? Mwenye majibu tumsikilize kwa makini, hata kama jina lake silo letu. Asiye na majibu akae kwanza, anywe kahawa yake, na kesho aende ofisi ya klabu na shilingi 2,000.

Kufyeka shamba ni kazi ya wengi. Shamba likiwa tayari, jembe lolote lililo imara litalima.